Sange na Senene Waliowahi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na vyungu, majiko na wakwe wa kugombana nao, kulikuwa na mlima mmoja uitwao Kidenge. Kaeni vizuri. Na wewe wa mwisho acha kumfinya mwenzio, maana mimi nikishasema kitu sirudii.

Chini ya mlima huo kulikuwa na bonde pana lenye mto, nalo liliitwa Bondeni, basi. Ukipanda, ukahema, ukapumzika, ukapanda tena, unafika kwenye uwanda wa nyasi ulioitwa Baridini. Juu ya Baridini hakukuwa na kitu. Mawe matupu, halafu mbingu.

Chakula chao cha kutegemea kilikuwa senene. Mnawajua, wale panzi wa kijani wanaokaangwa na chumvi, ukiwatafuna wanalia kru kru. Walikuja kila mwaka na mvua za vuli. Aliyewakamata wengi aliwakaanga, akawaanika, akajaza vyungu vyake, na kiangazi kilipokuja na njaa yake alikaa kivulini akitafuna. Asiyejaza vyungu, kiangazi hicho alizika mtoto. Nawaambia mapema ili msije mkadhani hii ni hadithi ya kuchekea tu.

Sasa, Bondeni kulikuwa na sheria. Mwenye bonde alikuwa Mzee Mhanga, mnyama mkubwa wa masikio marefu na makucha ya kuchimbia. Sheria yake ilisema hakuna kumkamata senene hata mmoja mpaka mti wa mtalawanda ulioko kando ya mto utoe ua la kwanza la njano. Ua likitoka, pembe inapulizwa, na kila mnyama anapewa kiwanja chake cha nyasi kwa kadiri ya mwili wake. Mwili mkubwa, kiwanja kikubwa. Msiniulize haki iko wapi hapo. Sheria waliitunga wenye miili.

Na kulikuwa na Sange. Sange ni kiumbe kidogo, ukimwona kwa haraka utasema panya, mpaka ainue ile pua yake ndefu inayochezacheza. Alikuwa mjane mwenye watoto, na kitinda mimba wake, Tuti, alikuwa na kifua kibovu. Mwaka aliokwenda kuomba kiwanja, Mzee Mhanga alimtazama, akatazama nyasi, akakosa kiwanja kidogo cha kumfaa. Msaidizi wake, Ngiri, yule wa meno yaliyopinda, akasema, "Mpe Baridini." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Walicheka kwa sababu Baridini hakukuwa na senene. Kipupwe kilikaa kule muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Senene waliopotea njia wakapanda mlima walikikuta bado kimelala mlangoni, na asubuhi unawaokota chini wamekauka kwa baridi, ta, ta, ta. Sange aliishi kwa hao waliokauka. Bondeni wakambandika jina la Mama Umande, na Tuti akakohoa mwaka hadi mwaka.

Basi mwaka mmoja, asubuhi, Sange akafungua mlango. Alikuwa amejifunika kanga mbili kama kawaida yake, amekaza meno, maana unyayo wa kwanza kwenye nyasi za Baridini ulikuwa kama kukanyaga kisu. Akakanyaga. Akangoja kuumia. Hakuumia.

Akakanyaga tena. Udongo ulikuwa na joto.

Akainua uso na hakuona ukungu. Ukungu ule haukuwahi kuondoka kabla ya adhuhuri tangu ahamie kule. Alidhani amelala kupita kiasi, akatazama jua, na jua ndiyo kwanza linachomoza. Kisha nyasi zikatikisika, chwaaa, uwanda mzima kwa mara moja, na hakukuwa na upepo.

Senene. Wazima, wanene, wamejaa kwenye kila jani, mabawa yameloa umande hawawezi kuruka mbali. Sange aliketi chini bila kujua kwamba ameketi. Kinywa kilikuwa wazi, na senene mmoja akarukia ndani humohumo.

Alipomaliza kumtafuna, akili ilirudi. Alipiga hesabu yake polepole, pua ikichezacheza. Kipupwe mwaka huu kimefungasha mapema. Manyunyu nayo yalipita kabla ya wakati wake. Senene wameanguliwa mapema, wamekuta Bondeni joto limezidi na nyasi zimekunjamana, wakapanda mlima kama wale wanaopotea miaka yote. Tofauti ni kwamba safari hii wamefika wakati mlinzi wa mlango ameshaondoka.

Akashuka mbio, tifu tifu tifu, hadi mtoni kuutazama mtalawanda. Matumba yake yalikuwa yamefumba fu. Ua halikuwa hata njiani.

Hapo mwingine angenyamaza. Sange hakunyamaza. Alijua kwamba akila kabla ya ua na ikajulikana, atafukuzwa mlimani pamoja na watoto. Akaenda moja kwa moja barazani kwa Mzee Mhanga, mbele ya ndege kanga na swala na kila aliyekuwa anaota jua pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Umande. Baridi imekuleta?"

"Nimekuja kukuarifu, mzee wangu. Baridini kuna senene."

Kicheko kilichofuata kiliwarusha kanga kutoka barazani. Ngiri alilala chali miguu juu. Mzee Mhanga alifuta machozi, akamuuliza kama hao senene walikuwa wamevaa makoti. Sange alingoja wamalize. Halafu, kwa unyenyekevu wote, aliuliza kama sheria ya ua inamhusu na yeye kule juu, maana hataki makosa.

"Binti yangu," Mzee Mhanga akasema, bado anacheka, "sheria ya ua ni ya mahali penye senene. Baridini ni kwako. Maadamu ni kwako, kula chochote utakachokikuta, siku yoyote. Kula hata umande wenyewe."

"Mmesikia, ndugu zangu?" Sange akawauliza kanga na swala.

Wakasema wamesikia. Akashukuru, akapiga goti, akapanda mlima huku mkia unamcheza.

Mmeiona hiyo? Hakudanganya hata neno moja. Alisema kweli mbele ya watu waliojua mno kiasi cha kutoweza kuisikia.

Kuanzia hapo Baridini palikuwa na kazi. Alfajiri, umande ukiwa bado mzito, Sange na wanawe waliingia nyasini wakachuma senene kama watu wanaochuma mboga. Mchana walinyofoa mabawa na miguu, wakakaanga, chaa chaa, wakaanika kwenye mikeka. Vyungu vikajaa. Tuti akala mpaka tumbo likang'aa, na joto lile likamkausha kifua, asikohoe tena.

Lakini mafuta ya senene yana harufu, na harufu haina adabu, hushuka mlima bila kuaga. Siku moja Ngiri aliinua pua yake Bondeni, akanusa, akanusa tena, akamwamsha Mzee Mhanga. Wakapanda, na nyuma yao kijiji kizima.

Walipofika ukingoni mwa uwanda wakasimama. Hakuna aliyecheka. Mzee Mhanga aliyatazama yale majani yanayotikisika, akaitazama mikeka, masikio yake yakalala mgongoni. Alionekana kama mtu aliyeamshwa akakuta paa la nyumba yake halipo. Alinong'ona kwamba kipupwe hakijaisha, kwamba ua halijatoka, kwamba jambo hili haliwezekani, huku senene wamekaa kichwani kwake.

Ngiri ndiye aliyepata sauti. Akasema kiwanja kizuri ni cha mwenye mwili mkubwa, ndiyo sheria, kwa hiyo Sange afungashe virago saa hiyo hiyo. Na wao waanze kula.

Watoto wa Sange wakajikunyata nyuma ya vyungu. Sange mwenyewe aliogopa, nawaambieni, maana Ngiri akikukanyaga kwa bahati mbaya inatosha. Ila ulimi haukuogopa.

"Mmesema kweli, wazee wangu. Chukueni Baridini yote. Ila nauliza tu, nani kati yenu atakula wa kwanza?"

"Mimi," Ngiri akasema.

"Haya. Baridini ilipokuwa kwangu ilikuwa nje ya sheria, mzee alisema mwenyewe na hawa wote wakasikia. Ikiwa kwenu, imeingia ndani ya sheria. Na ua bado. Kula basi, Bwana Ngiri, ili tujue leo sheria ya ua imekufa. Na kama ya ua imekufa, na ile ya mwili tuizike palepale, tugawane wote sawasawa."

Swala wakatazamana. Kanga wakasogea mbele kidogo, ko ko ko, kama watu walioipenda hoja. Mzee Mhanga aliliona lile vuguvugu, akamvuta Ngiri mkia haraka.

Akatangaza kwamba sheria iko palepale, kwamba babu zake waliingojea ile njano na yeye ataingojea. Sange akaitikia kila neno. Kisha, kwa sauti ya upole kabisa, akatoa lililokuwa moyoni mwake. Siku ua likitoka, wao wakubwa wapande wachukue Baridini, kweupe, bila ugomvi. Na yeye, kwa kuwa hawezi kulala hewani na watoto, apewe Bondeni.

"Bondeni yote?" Mzee Mhanga akauliza.

"Yote, mzee. Nyasi zenyewe si mnaziona, zimekunjamana."

Mzee Mhanga aliwatazama senene, akameza mate. Akaagiza ngoma ya bonde iletwe. Neno lililopigiwa ngoma ile halikurudishwa hata na mwenye kuipiga. Ikapigwa, ndu, ndu, ndu, kwamba siku ya ua wakubwa watahamia Baridini na Sange atahamia Bondeni. Wakashuka, wakaketi chini ya mtalawanda, macho juu, wakingoja.

Kwa nini Sange aliitaka Bondeni? Mama yake alifukuzwa kule akiwa na mimba yake. Alikulia kwenye kusikia habari za ule mto. Alitaka siku moja aketi kwenye ile baraza, na wale waliomwita Mama Umande wampigie goti. Njaa alishaishinda. Lililobaki ni kisasi, na kisasi kilimnogea kuliko senene.

Basi wakubwa wakangoja, na Sange akachuma. Mpaka senene walipotaga mayai yao, wakapungua, wakaisha, vyungu vyake vilikuwa vimefurika. Akavishusha mlimani kimya kimya, akavificha vichakani ng'ambo ya mto.

Ua likatoka. Pembe ikalia, puuuu. Wakubwa wakapanda mbio na vikapu, wanasukumana, wanakanyagana. Sange aliwangoja juu, kanga yake imefungwa vizuri, watoto tayari kwa safari.

Wakafika. Nyasi zilikuwa zimesimama tuli. Mzee Mhanga alizipiga kwa mkono, hakikuruka kitu. Akachimba, akafukua, akanusa, mavumbi yakamfunika. Ngiri alizunguka uwanda wote mara mbili, akarudi kikapu kitupu, akalia mbele za watu. Mzee Mhanga aliketi katikati ya nyasi kama mzigo ulioangushwa.

"Tumechelewa?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Hamkuchelewa, mzee wangu," Sange akasema. "Mmekuja siku ileile ya babu zenu. Senene ndio waliowahi."

Akashuka na wanawe, akaketi barazani Bondeni. Ningekuwa msimulizi mvivu ningeishia hapa, nanyi mngepiga makofi. Lakini sijamaliza.

Sange akawa mwenye bonde. Akafanya karamu, kanga na swala wakala, wakampigia goti, akafungua chungu baada ya chungu. Ngiri alihama akaenda kwa wajomba zake, hakuonekana tena, na wakubwa wengine wakatawanyika mmoja mmoja. Joto la Bondeni likazidi. Mto ukasinyaa, nyasi zikawa manyoya ya kuku mzee, na Tuti, aliyekuwa akikohoa kwa baridi, sasa akawa anashinda kinywa wazi akihema kwa joto. Kiangazi kikavila vyungu vilivyobaki. Sange hakuhangaika. Alikuwa na mpango.

Alikumbuka vizuri mwezi ulikuwaje ile asubuhi ya mwaka jana. Ulikuwa nusu. Mwezi wa majira yaleyale ukifika nusu, alijisemea, nitapanda na vyungu vitupu. Mzee Mhanga bado atakuwa anasubiri habari za ua lake, na mimi nitakuwa nimeshachuma na kuondoka. Aliwaeleza wanawe, wakacheka wote. Chungu cha mwisho walikikomba, Tuti akalamba kitako cha chungu.

Mwezi ukafika nusu. Wakapanda alfajiri, tifu tifu tifu, vyungu vikigongana migongoni. Sange alitangulia. Alifika ukingoni mwa uwanda akiwa tayari anatabasamu.

Tabasamu hilo lilimkaukia usoni. Nyasi zilikuwa zimetafunwa hadi mashinani. Hakuna lililotikisika, hakuna chwaaa. Alikanyaga udongo, ukamchoma. Akaangalia mwezi, nusu kamili. Akaangalia nyasi. Akaangalia mwezi tena, kama vile ni mwezi uliomdanganya. Nyuma yake aliwasikia watoto wakishusha vyungu vitupu chini, kimoja kimoja, na hakuweza kugeuka kuwatazama.

Kando ya jiwe palikuwa na moshi. Mzee Mhanga alikuwa ameketi mbele ya jiko, amekonda, anageuza senene wa mwisho mwisho kwenye kikaango. Mkeka mmoja ulikuwa umejaa. Mmoja tu.

Sange alimsogelea. Hakukumbuka hata kuamkia. Alimuuliza alijuaje.

Mzee Mhanga alieleza bila haraka. Siku ile alipobaki hapa na kikapu kitupu, hakuwa na pa kurudi, Bondeni ilikuwa imeshapigiwa ngoma. Mtalawanda hauonekani kutoka huku. Kwa hiyo kila asubuhi aliweka pua chini, akasikiliza udongo, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya. Asubuhi moja udongo ukawa wa moto, mwezi ukiwa bado haujaandama. Wakaja, akachuma alichoweza peke yake. Hawakukaa. Joto liliwakuta hata hapa, wakainuka wingu zima wakaelekea juu.

"Nimechelewa," Sange akasema.

Mzee Mhanga alimtazama. Hakukuwa na kejeli machoni mwake, na hilo lilimuuma Sange kuliko kejeli.

"Hukuchelewa, binti yangu. Umekuja siku ileile ya mwaka jana. Senene ndio waliowahi."

Sange akaketi chini bila kujua kwamba ameketi. Tuti alikuja akajiegemeza kwake, akauliza kama wataanza kuchuma sasa, maana ana njaa. Sange alimfuta vumbi usoni.

Mzee Mhanga akachota senene kwenye mkeka, akawamimina kwenye chungu cha Tuti. Akafikiri, akachota tena, mpaka nusu ya mkeka ikaisha. Hakupima miili. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Mwenye akili ni wewe. Hebu niambie. Mwakani watakwenda wapi?"

Wote wawili wakainua nyuso. Juu yao palikuwa na mawe matupu, na hapa na pale juu ya mawe, senene waliotangulia, wamelala chali, wameiva kwa jua. Juu ya mawe palikuwa na mbingu. Sange alifungua kinywa atoe hila. Alizitafuta zote alizowahi kuwa nazo, pua ikachezacheza, ikasimama. Kinywa kikabaki wazi.

Mimi niliyoyasikia yanakomea hapo mawe yanapoanzia. Ninyi ondokeni na hili: majira yakishahama mara moja, usidhani yamepata mahali pa kukaa.